Mafuta ya uso ya oganiki ya bei ghali: lipi ununue kwa ngozi yako, kuanzia bora mpaka la kuacha

Nianze na jibu kabisa manake najua wengi mnatafuta hilo tu. Kama una hela ya chupa moja na hujui hata ngozi yako ni ya aina gani, nunua mafuta ya jojoba. Ya pili mafuta ya ubuyu, ya tatu siagi ya shea ya Uganda, ya nne rozihipu, ya tano argani, afu krimu ya Weleda Skin Food naiweka ya sita, na mafuta ya nazi usoni nayaweka mwisho kabisa japo najua hapo wengi hatutaelewana. Ila mpangilio huu unapinduka ukishajua ngozi yako, kwaiyo usitume hela kwa mtu kabla hujamaliza kusoma.

Tulijaribu watu wanne nyumbani, karibu mwaka mzima. Mimi ngozi yangu mchanganyiko, paji la uso na pua vinatoa mafuta, mashavu yamekauka, na chunusi ikipona inaacha doa jeusi linakaa miezi. Wifi yangu ana ngozi ya mafuta hasa, saa nne asubuhi uso ushaanza kung'aa. Mama ana miaka 61, ngozi kavu ile inayopauka hata ukitoka kupaka sasa hivi. Mdogo wangu wa mwisho ngozi nyeti, akibadilisha sabuni tu anawashwa. Kila chupa tuliipa wiki sita, sababu ngozi inahitaji kama mwezi hivi kujibadilisha, na ukipaka kitu siku nne ukasema kimenikubali unajidanganya. Isipokuwa kikikuwasha, hapo acha siku hiyohiyo. Na kabla ya kugusa uso kila mtu alipaka kidogo nyuma ya sikio akasubiri siku mbili, hii tafadhali msiiruke hata kama muuzaji anakwambia ni asilia haina madhara, manake hata upupu ni asilia.

Sasa jojoba. Watu wengi wenye ngozi ya mafuta wanaogopa kupaka mafuta, wifi alikuwa hivyohivyo, anaosha uso mara nne kwa siku na sabuni kali na ngozi inazidi kutoa mafuta. Jojoba kitaalamu sio mafuta kama ya alizeti au ya nazi, ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, na nta ya aina hiyo ni sehemu ya mafuta ambayo ngozi yetu inatoa yenyewe, ndo maana inakaa vizuri usoni bila kuziba. Alipunguza kuosha ikawa asubuhi na usiku, anapaka matone matatu usiku uso ukiwa bado na majimaji, na baada ya mwezi ule mng'ao wa saa nne ukawa unakuja baada ya mchana. Mdogo wangu naye haikumuwasha hata siku moja. Kuna ya rangi ya dhahabu ambayo haijasafishwa na kuna nyeupe isiyo na harufu, wenye ngozi nyeti chukueni nyeupe. Kingine kizuri haiharibiki haraka, inakaa hata kwenye joto letu la Dar. Kwa mama haikutosha, alisema anajisikia kama hajapaka kitu.

Ubuyu ndio uliofanya kazi kwangu mimi, na hapa naongea kwa mapenzi kabisa manake ni kitu chetu, mibuyu ya Dodoma na Singida tunapita nayo kwenye basi kila siku, mbegu zake tunamung'unya na kutema, afu mafuta hayohayo yanafungwa kwenye chupa ndogo nzuri Ulaya na kuuzwa kama kitu cha kifahari. Ni mepesi kuliko unavyodhani, yanazama ndani ya dakika chache, mashavu yangu yaliacha kukakamaa na pua haikuleta shida. Yawe yamekamuliwa bila moto, rangi ya njano iliyokolea kidogo, harufu ya mbegu kwa mbali. Ukinusa ukasikia harufu ya rangi ya ukutani au ya karanga zilizochacha, yameshaoza, rudisha. Kwenye lebo tafuta Adansonia digitata, na iwe peke yake, sio ya sita baada ya maji na manukato.

Kwa ngozi kavu sahau mpangilio wangu wa juu, shea ndio namba moja, tena sio shea yoyote. Iliyozoeleka inatoka Afrika Magharibi, Ghana na Burkina Faso huko, ni ngumu kidogo. Ile ya kaskazini mwa Uganda, Waacholi na Walango wanaiita moo yaa, ni laini zaidi, inayeyuka ukiigusa tu, kwenye joto inakuwa kama mafuta mazito. Mama alianza kupaka kiasi cha punje ya harage usiku, anaisugua kwanza kwenye viganja, na wiki ya tatu shangazi alivyokuja akamuuliza anatumia nini. Tangu hapo kopo hilo halitoki chumbani kwake. Wifi aliijaribu wiki moja tu, vipele kidevuni, akaacha. Kwaiyo ngozi ya mafuta iogope.

Rozihipu ni mafuta ya mbegu za waridi pori, rangi ya chungwa, na watu wanayanunua kwa ajili ya madoa. Nikiwa mkweli madoa yangu yalififia kidogo sana, ngozi ililainika lakini, na wenye chunusi wengi yanawakubali kwa sababu ni mepesi mno. Tatizo lake ni kwamba yanaharibika haraka kuliko yote niliyotaja. Chupa yangu ya kwanza niliuziwa kwenye duka moja ikiwa kwenye kioo cheupe, imekaa kwenye shelfu inayopigwa na jua, nikafika nyumbani nikakuta inanuka samaki, na hela ilikuwa nyingi iliniuma sana. Chupa iwe nyeusi au ya kahawia, weka kwenye friji, na nunua ndogo. Fanya hesabu hii: mililita 30 ni kama matone 600, ukitumia manne kwa usiku una siku 150, yani miezi mitano. Afu angalia kile kialama cha kopo lililofunguliwa nyuma ya chupa, kikiwa na 6M maana yake miezi sita tangu ufungue. Sasa ukinunua mililita 100 kwa sababu ya ofa utayamaliza lini?

Argani, yani mafuta ya kokwa za mti wa argani wa Moroko, nzuri sana kwa ngozi ya kawaida na ya umri mkubwa, bei yake ina sababu, zile kokwa kwa asili wanawake wanazipasua kwa mkono moja moja kwa jiwe. Ila ziko aina mbili, ya chakula iliyokaangwa inanukia karanga, na ya kupaka ambayo haijakaangwa. Usiuziwe ya kula kwa bei ya kupaka. Kwangu haikuzidi ubuyu ndo maana iko chini.

Weleda Skin Food ni ya Uswisi, ipo tangu 1926, ile tyubu ya kijani. Nzito, ina mafuta ya alizeti, ya lozi, nta ya nyuki na lanolini ambayo ni mafuta ya sufi ya kondoo. Dada zangu mlioko kwenye baridi, Oslo, Toronto, kwenu hii ingepanda mpaka namba mbili, inazuia upepo ule usikate mashavu. Kwetu huku joto na unyevu wa pwani ni nzito mno usoni, mama anapaka visigino na viwiko tu. Na ina manukato, kwenye lebo utaona limonene na linalool, mdogo wangu ilimtoa harara siku ya pili. Hayo majina mawili mwenye ngozi nyeti ayakariri, yapo kwenye krimu nyingi za oganiki za bei kali kwa sababu mafuta ya maua na machungwa yanayo kiasili.

Nazi nitapita haraka. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, inaziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi, wifi alipata chunusi ndani ya siku tano. Nywele sawa, miguu sawa, uso hapana.

Kwa ajili ya tona, yale maji ya kupaka usoni ukishaosha, msinunue ghali, maji ya waridi ya kweli yanatosha. Yale ya Jabal Akhdar kule Oman yanayopikwa kienyeji yana harufu ya moshi kidogo, ndugu akienda Maskati mwagize. Lebo iandike maji ya ua la Rosa damascena, ikiandika aqua na parfum umenunua maji na pafyumu.

Kuhusu hilo neno oganiki lenyewe. Kuandikwa kwenye kopo peke yake halimaanishi chochote, tafuta mhuri kama COSMOS, ule wa vipodozi wa Ulaya, au USDA wa Marekani. Na hata mhuri uuelewe, krimu ya kupaka ikiwa na mhuri wa COSMOS ya oganiki inatakiwa angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima iwe ya kilimo hai, sio mia, manake sehemu kubwa ni maji na maji hayalimwi. Ndo maana kama bajeti ni ndogo mimi nasema nunua mafuta matupu ya mbegu moja, unajua unacholipia. Na ukikuta krimu inaitwa asilia afu inaahidi weupe kwa siku saba, kimbia, hakuna mmea unafanya hivyo, humo mara nyingi kuna haidrokwinoni, steroidi au zebaki. Hapa Tanzania vipodozi vinasimamiwa na TBS, yani Shirika la Viwango, tangu 2019, ukitilia shaka kopo waulize wao kabla hujapaka.

Wenye vipele vidogo vya kufanana kwenye paji vinavyowasha, msinunue mafuta yoyote hapa kwanza, huenda ni fangasi na mafuta mengi yanailisha, muone daktari wa ngozi.

Sehemu moja tu sifuati oganiki, nayo ni sanskrini, yani krimu ya kukinga jua. Hakuna mafuta kati ya haya yanayokukinga na jua hata muuzaji aapeje, na sanskrini za oganiki zinaruhusiwa kutumia zinki oksaidi na titani daioksaidi tu, ambazo kwenye ngozi nyeusi nyingi zinaacha ukungu mweupe, nilijaribu mbili nikawa naonekana kama nimepaka unga. Nimechukua ya kawaida isiyoonekana, SPF 50, napaka kila asubuhi juu ya ubuyu, na hiyo ndiyo iliyozuia madoa yangu yasizidi kukolea kuliko chupa zote za rozihipu.