Shahada ya Uhandisi wa Umeme na Elektroniki yenye Mafunzo Viwandani: Tathmini kutoka Mtwara

Mzazi wa Mtwara au Lindi anayesubiri malipo ya mnada wa korosho ili ampeleke mtoto wake chuo kikuu kusomea uhandisi wa umeme na elektroniki hulipia mambo mawili kwa ada moja: miaka minne ya darasani, na majuma machache ya viwandani ambayo chuo huyataja kwa mstari mmoja tu kwenye kipeperushi chake. Nimeisoma fani hii Dar es Salaam na sehemu kubwa ya mafunzo ya vitendo nimeifanya nyumbani Mtwara, na maoni yangu ni kwamba majuma hayo ndiyo yanayoamua iwapo shahada hiyo ina thamani ya fedha iliyotolewa. Naongeza kwamba mikoa hii ya kusini, ambayo vijana wake husafiri mbali kwenda kuisomea, inafaa kwa mafunzo hayo kuliko wengi wanavyodhani.

Kuhusu darasani sina mengi ya kueleza. Anayetoka kidato cha sita na tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) atakutana na hisabati nzito tangu muhula wa kwanza, kisha nadharia ya saketi, elektroniki, mitambo ya umeme, mifumo ya udhibiti, mawasiliano na usafirishaji wa umeme. Walimu niliowapata walikuwa wazuri, na wawili kati yao walikuwa hodari kupita kiasi. Maabara ndiyo iliyokuwa dhaifu. Katika chuo nilichosoma, ambacho sikitaji, oskiloskopu moja, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, ilizungukwa na kundi la wanafunzi ambao mmoja alishika vifundo, mmoja akaandika matokeo, na waliobaki wakanakili. Mtu angeweza kuhitimu akiwa na alama nzuri za maabara bila kuwahi kugusa kifaa hicho kwa mkono wake. Waliotoka sekondari za ufundi au waliopitia stashahada walituacha mbali sana katika jambo hili, na mtihani wa kuandika haukuwahi kuonyesha tofauti hiyo.

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wote huyaita fildi au PT, yamekusudiwa kuziba pengo hilo. Katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, mwanafunzi huenda mara tatu, mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa takriban majuma 8 kila mara, na ngazi hupanda kadiri anavyoendelea: kwanza afanye kazi za fundi mchundo, halafu za fundi sanifu, na mara ya mwisho akae karibu na mhandisi aone maamuzi yanavyofanyika. Naona mpangilio huo ni wa busara. Nchini Uingereza baadhi ya vyuo hutoa shahada hii ikiwa na mwaka mzima kiwandani kabla ya mwaka wa mwisho wa masomo, na mwanafunzi hulipwa mshahara kama mwajiriwa. Sisi tumechagua vipande vifupi vinavyorudiwa. Faida ya vipande ni kwamba mtu hurudi darasani na maswali mapya kila mwaka. Hasara yake ni kwamba jumuiya ya kazini ikianza tu kukuamini, siku zako zimekwisha.

Ubora wa kipande kimoja kwa kingine hutofautiana mno, na hapa ndipo malalamiko yangu makubwa yalipo. Sehemu ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa ofisi moja ambayo haikuwa imejiandaa kumpokea mwanafunzi yeyote. Nilipewa kiti karibu na mlango, nikatoa nakala za barua, nikapanga mafaili, na mara moja kwa juma nikaruhusiwa kupanda gari la mafundi, ambako nilishika ngazi. Kitabu cha kumbukumbu za kila siku kilitiwa saini chote kwa mkupuo, na mwalimu aliyekuja kutoka chuoni kunikagua alikaa muda wa kunywa soda moja. Kwa karatasi zilizopo, juma lile halina tofauti na juma la mwenzangu aliyekuwa akifungua mota na kuizungushia upya waya. Chuo kinachowatoza wazazi ada kingepaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya mwanafunzi kupanda basi.

Nafasi iliyofuata, katika ufuaji wa umeme kwa gesi, ilikuwa jambo jingine kabisa, na kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, lakini ilikaa ardhini zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kuwasha taa za Mtwara. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, zikiendeshwa na kituo chao wenyewe, ambacho mitambo yake ya mwanzo ilikuwa 9 yenye megawati 2 kila mmoja. Mtambo mmoja tu wa Bwawa la Julius Nyerere una megawati 235, yaani zaidi ya mara kumi ya kituo kizima cha Mtwara kilipoanza. Wakazi wanayajua madhara ya udogo huo, kwa kuwa ndio waliokaa gizani. Kwa mwanafunzi wa uhandisi, hata hivyo, gridi ndogo ni mwalimu ambaye hakuna chuo kinachoweza kumnunua.

Darasani tulifundishwa kwamba masafa ya umeme hapa nchini ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na tukaliandika kama jambo lisilobadilika. Kwenye gridi kubwa mtambo wa megawati 2 ukizimika, sindano ya kipimo cha masafa haitikisiki. Kwenye gridi yenye megawati 18, kuondoka kwa mtambo mmoja ni kuondoka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yote: masafa huanza kushuka mbele ya macho yako, vidhibiti mwendo vya mitambo iliyobaki hufungua gesi zaidi, na visipowahi, rilei, yaani swichi za ulinzi zinazojiendesha zenyewe, hukata baadhi ya laini ili kuokoa nyingine. Mlinganyo niliokuwa nimeukariri kwa ajili ya mtihani ulitokea ukutani kwa tarakimu nyekundu, na ndipo nilipoelewa kwamba mgao wa dharura ni uamuzi uliofanywa na kifaa kwa hesabu, kabla binadamu yeyote hajanyanyua simu.

Kuingiza mtambo kwenye gridi ni kazi ambayo siku hizi hufanywa na kidhibiti chenyewe, lakini fundi mkongwe wa zamu alitaka nisimame mbele ya paneli niitazame. Mtambo unaoingia lazima ulingane na gridi kwa msongo (volteji), kwa masafa, kwa mfuatano wa fezi na kwa pembe. Kipimo chenye mshale mmoja unaozunguka huonyesha mambo mawili kati ya hayo, masafa na pembe. Mshale ukizunguka kulia, mtambo unakimbia kuliko gridi. Ukizunguka kushoto, unachelewa. Na breka, yaani swichi kubwa inayouunga mtambo na gridi, hufungwa mshale ukienda kulia polepole, karibu na juu kabisa.

“Bwana mdogo, ingekuwa kazi yako, ungefunga lini?” aliniuliza.

“Mshale ukifika saa sita, mzee.”

“Ukifika, au ukikaribia?”

Nilifikiri kidogo, nikajibu kwamba ni ukikaribia, kwa kuwa breka nayo huchukua muda kufunga, na mshale haungojei. Alitikisa kichwa kukubali, kisha akaniambia kwamba kosa la pembe hapo linaweza kukata kiunganishi cha shafti kati ya injini na jenereta. Swali hilo moja lilinifaa kuliko mihadhara kadhaa, na sidhani kama lipo kwenye mtaala wowote.

Upande wa gesi yenyewe, ambako bomba la inchi 36 liendalo Dar es Salaam huanzia katika mitambo ya kusafisha gesi ya Madimba, na kwa Lindi kule Songo Songo wilayani Kilwa, ndiko mwanafunzi wa elektroniki anakoweza kuona vipimo na udhibiti vikitumika kikazi. Mfano mmoja mdogo unatosha. Kipimo cha mgandamizo kwenye mitambo ya aina hii kwa kawaida hupeleka taarifa chumba cha udhibiti kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20: 4 ni sifuri ya kipimo na 20 ni kilele chake. Mwanafunzi huuliza kwa nini isianzie sifuri. Jibu ni kwamba waya ukikatika mkondo huwa sifuri, na kama sifuri ingemaanisha “hakuna mgandamizo”, mwendeshaji angeamini bomba liko tupu ilhali limejaa. Pia mkondo, tofauti na msongo, haupungui njiani kwa sababu ya urefu wa kebo. Mahali penye gesi, saketi hizo hubuniwa zisiweze kutoa cheche yenye nguvu ya kuwasha chochote hata zikigusana, na ndiyo sababu simu ya kawaida hukabidhiwa getini. Huko chuoni tulikuwa tumefundishwa saketi hizo bila hata mmoja wetu kuambiwa kwamba ubunifu wake unatokana na hofu ya moto.

Bahari nayo ina somo lake. Vikombe vya kuzuia umeme kwenye nguzo zilizo karibu na ufukwe, kuanzia Shangani hadi Mikindani, hupakwa chumvi na upepo miezi yote ya kiangazi, na chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Inapokuja manyunyu ya kwanza au ukungu wa alfajiri, chumvi hulowana, huanza kupitisha umeme juu ya uso wa kikombe, na laini ya kilovolti 33 hukatika bila tawi la mti wala upepo wa kusingiziwa. Mvua kubwa husafisha. Manyunyu ndiyo yanayoleta shida. Mwanafunzi aliyefanyia vitendo bara hatalijua hilo mpaka apangiwe kazi pwani.

Viwanda vingine navipitia kwa haraka. Kiwanda cha saruji cha Dangote, nje kidogo ya mji, kina mota kubwa, vidhibiti vya PLC (kompyuta ndogo za kuendeshea mitambo) na umeme wake wa gesi, kwa hiyo anayependa umeme wa viwandani ana mengi ya kujifunza katika kiwanda cha aina hiyo. Bandari ina kreni. Viwanda vya kubangua korosho ni vidogo zaidi, lakini katika kiwanda kidogo mwanafunzi hupewa bisibisi siku ya pili, jambo ambalo kwenye kampuni kubwa linaweza kusubiri mpaka barua ya usalama ipite kwa watu watano.

Udhaifu wa Mtwara lazima utajwe. Anayetaka kubuni saketi, kuandika programu za vidhibiti vidogo au kujikita katika mawasiliano ya simu hatapata mengi hapa zaidi ya minara na betri zake. Huyo afanye fildi yake Dar es Salaam. Usafiri pia ni mzigo, kwa kuwa Madimba na viwanda vya nje ya mji havifikiki kwa daladala za kawaida kwa saa za zamu, na asiyepata nafasi kwenye basi la wafanyakazi hutumia bodaboda kila siku. Kwa wanaopata mkopo, Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo ambazo miongozo ya miaka ya karibuni imeziweka kwenye shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Kwa kijana anayelala kwao Chikongola na kula kwa mama yake, kiasi hicho kinatosha. Kwa mgeni anayepanga chumba, akala kwa mama ntilie na kulipa bodaboda, hakitoshi, na fedha hizo mara nyingine huingia fildi ikiwa imeshafika katikati.

Mzazi ajue vilevile kwamba shahada peke yake haimfanyi mtoto kuwa mhandisi mtaalamu kisheria. Akihitimu atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha atahitaji takriban miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuomba usajili wa ngazi ya juu. Na anayetaka kufunga nyaya za umeme majengoni kwa jina lake mwenyewe anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Aliyetumia fildi zake vizuri huipita miaka hiyo mitatu kwa wepesi, kwa sababu tayari anajua kuandika ripoti ya hitilafu na kusoma mchoro wa paneli bila kuongozwa.

Kwa jumla naipendekeza shahada hii kwa kijana wa kusini anayependa umeme wa nguvu na udhibiti wa mitambo, kwa masharti kwamba achague chuo kinachomtuma fildi zaidi ya mara moja na ambacho walimu wake hufika mahali pa kazi kukagua. Kabla ya kuthibitisha udahili, mzazi amuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo hicho alifanya nini hasa kwenye fildi yake ya mwisho. Akijibu kwa kutaja mashine, ni dalili njema, na akijibu kwa kutaja jina la kampuni tu, aulizwe tena. Barua za kuomba nafasi za Julai zipelekwe tangu Januari, kwa mkono pale inapowezekana, na nakala igongwe muhuri mapokezi. Buti za usalama zinunuliwe mapema, kwa sababu kwenye mitambo ya gesi mwanafunzi aliyevaa raba hurudishwa getini, hata kama barua yake imesainiwa na mkuu wa chuo.