Kubeba kisu cha ala kutwa nzima bila kuchokonolewa: njia saba, kuanzia iliyo bora

Kisu cha ala, yaani kile kisichokunjwa, hakina bawaba ya kulegea wala kufuli la kukusaliti, na kukisafisha ni kukisuuza na kukifuta. Tatizo lake ni moja: hakifupiki. Chenye mpini wa sm 10 na bapa la sm 9 kitabaki sm 19 ukiwa umesimama, umekaa, umechuchumaa au umelala chini ya gari. Ndiyo maana watu wengi hununua kisu kizuri, wakakivaa wiki moja, kisha kikaishia kwenye droo. Lawama wanakipa kisu, wakati mkosaji ni ala iliyokuja nacho: kitanzi kipana kuliko mkanda, mpini unaopanda hadi mbavuni, na ncha inayogonga kiti.

Kwa hiyo amua kwanza kitakaa wapi mwilini, kisha utafute kisu na ala vinavyotoshea hapo.

Soma pia sheria ya unakoishi kabla ya kutoa pesa. Nchi nyingi hazikitazami kisu cha ala kwa jicho lilelile linalotazama cha kukunja. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya mwaka 1988 kisu unachoweza kubeba hadharani bila kutoa sababu ni kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sm 7.6). Cha ala, hata kiwe kifupi namna gani, kinahitaji sababu ya msingi, kama vile kazi. Kuna pia mahali ambapo kisu kilichofichwa chini ya shati huhesabiwa kosa kubwa kuliko kinachoonekana, na njia kadhaa hapa chini hufunikwa na shati.

Vipimo kwanza

Kwa kuvaa kila siku, tafuta bapa la sm 7 hadi 9, mpini wa sm 9 hadi 10.5, na uzito usiozidi gramu 150 pamoja na ala. Unene wa mpini ndio wengi wanaosahau kuupima, nao ndio unaosikika mwilini. Mpini wa mm 12 hadi 15 hulala juu ya nyonga usiusikie. Ukizidi mm 20 unakuwa kama jiwe lililonasa kwenye mkanda. Bapa la unene wa mm 3 latosha kwa kukata kamba, katoni, matunda na vijiti. La mm 5 linaongeza uzito tu na hukata vibaya zaidi.

Ala za kawaida ni za aina mbili. Ya Kydex ni plastiki ngumu iliyopashwa moto ikalainika, kisha ikabanwa juu ya kisu chenyewe. Unene unaofaa ni mm 2 hivi: nyembamba zaidi huchezacheza, nene zaidi hukwaruza ngozi yako. Hukishika kisu kwa mlio wa "tak" na hainywi maji, lakini mchanga ukiingia ndani hukwangua bapa kila unapochomoa, kwa hiyo iwe na tundu chini la kutolea maji na uchafu. Ya ngozi iwe na unene wa mm 3 hadi 4, nayo huzoea umbo la mwili kuliko plastiki yoyote. Chungulia mdomoni: upande wa makali panatakiwa kipande cha tatu cha ngozi kilichoshonewa katikati. Kisipokuwepo, makali yanasaga uzi moja kwa moja, na siku moja ala itafunguka ubavuni bila kukuarifu.

1. Mlalo, mbele ya mkanda

Tunaiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo njia pekee ambayo urefu wa kisu haupigani na mkunjo wa kiuno. Ala inalala sambamba na mkanda, kati ya bizimu na mfupa wa nyonga. Mtu wa mkono wa kulia huiweka kushoto, mpini ukielekea bizimu. Ukikaa, hakuna kinachopanda mbavuni wala kinachoshuka pajani, na shati likianguka juu yake huoni kitu.

Kabla ya kununua, kaa kwenye kiti kifupi, chukua futi, upime kutoka ukingo wa bizimu hadi mfupa wa nyonga. Ala isizidi kipimo hicho. Ikizidi, ncha yake itapita juu ya mfupa, na kila ukiinua goti paja litaisukuma juu mpaka mkanda upinde. Mpini nao ukifika juu ya bizimu utaligonga kila unapoinama; sogeza bizimu vidole viwili upande wa pili, mara nyingi yatosha.

Kifungio ndicho hufanya au huharibu njia hii. Chagua vitanzi viwili vya ngozi laini, kimoja kila mwisho wa ala, vyenye vifungo vya kubonyeza. Viwili hivyo huifanya ala ifuate mviringo wa tumbo, na unaivua bila kufungua mkanda ukifika mahali kisu hakiruhusiwi. Klipu moja pana katikati huacha ncha zote mbili zikisimama mbali na mwili, na ndizo zinazonasa kwenye meza na vitasa vya mlango.

Hatari yake ni kisu kuteleza chenyewe, maana uzito wake haukisaidii kubaki ndani. Ala ya ngozi isiyo na mkanda mdogo wa kufunga mpini usiivae mlalo. Hata ikibana leo, ngozi hulegea. Kwa Kydex, kichomoe hivi: kidole gumba kwenye mdomo wa ala, sukuma mpaka usikie kimeachia, ndipo uvute. Ukikivuta kwa nguvu za mkono mzima, kinaachia ghafla na mkono unaruka na bapa wazi mbele ya tumbo.

2. Mfuko wa mbele wa suruali

Kwa kisu kidogo, bapa lisilozidi sm 8, wengi wataridhika hapa wasitafute zaidi. Hakuna kinachoning'inia kiunoni, na mkanda si lazima. Ala nzuri ya mfukoni ni bapa na pana, ili isizunguke ikageuza mpini kuelekea kinena. Klipu iwe karibu na mdomo ili mpini uishie sawa na ukingo wa mfuko au chini yake kidogo.

Kinachoharibu njia hii ni ala kutoka pamoja na kisu. Unavuta, unajikuta umeshika vyote viwili, kisha unaanza kuvitenganisha kwa mikono yote. Tiba ni ndoano pembeni mwa ala inayonasa ukingo wa mfuko ukivuta kuelekea nyuma, au kigwe kilichofungwa kutoka kwenye ala hadi kwenye mkanda, kirefu kiasi cha kukazika kabla mkono haujafika usawa wa kifua. Mfuko huo usiweke funguo wala sarafu. Nyuzi za nguo hujikusanya ndani ya ala na kushika unyevu, kwa hiyo ipulize na uikung'ute kila wiki.

3. Ndani ya kiuno cha suruali

Ala inaingia kati ya suruali na mwili, klipu inashika mkanda au kitambaa. Haionekani, haigongi vitu, na mkanda unaikandamiza isitikisike. Mpini usichomoze zaidi ya sm 6 juu ya mkanda, la sivyo ukiinama kufunga kamba za viatu utakuingia ubavuni. Mwenye tumbo aiweke nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Mwembamba anaweza kuiweka mbele.

Jasho ndilo adui hapa. Chuma cha kaboni kama 1095 kinaweza kuota madoa ya kutu ndani ya siku moja ya joto, hasa pale mpini unapokutana na bapa. Nunua chuma kisichoshika kutu, na kila jioni suuza ala kwa maji safi. Klipu iwe imara: Ulticlip hubana hata kitambaa bila mkanda, ila huacha alama kwenye suruali nyepesi, na ala isipobanwa vizuri hutoka na kisu kama kule mfukoni.

4. Ala ya kuning'inia

Wafini wanavaa puukko, kisu chao cha jadi, hivi: ala yenye kina inayomeza sehemu kubwa ya mpini, ikishikwa na kitanzi au pete chini ya mkanda. Kwa kuwa mpini uko chini ya kiuno, ukikaa ala huzunguka kwenye pete na kulala kando ya paja. Inafaa sana kwa mpini mrefu, koti zito, na kazi za shambani au msituni. Mjini inasumbua, kwani ukipanda ngazi kwa haraka inakupigapiga, na ukikaa kwenye kiti chenye mikono hunasa.

5. Wima juu ya nyonga

Ndiyo ala nyingi zinavyokuja kutoka kiwandani, na ndiyo malalamiko mengi yanakotoka. Ukisimama kutwa, haina shida. Ukikaa, mpini unapanda ubavuni na ncha inasukumwa na kiti. Kama huna njia nyingine, shusha ala mpaka kichwa cha mpini kiwe sawa na ukingo wa juu wa mkanda, na uiinamishe mbele kidogo. Klipu ya Tek-Lok husaidia kwa kuwa ina vipande vya kuingiza ndani ili itoshee upana wa mkanda wako. Kitanzi cha sm 5 kwenye mkanda wa sm 3.8 kinaacha nafasi ya sm 1.2, na kisu kitainama huku na huko siku nzima. Dereva akumbuke kuwa kifungio cha mkanda wa gari kiko upande wa katikati ya gari. Kisu akiweke nyonga ya upande wa mlango.

6. Shingoni

Ni ya kisu kidogo sana, jumla ya gramu 80 au chini. Hapa kuna jambo moja lisilo na mjadala: mnyororo uwe wa zile punje ndogo za chuma au wenye kiungo kinachoachia ukivutwa. Kamba ya parashuti ya kawaida, ile iitwayo 550, hubeba takriban kilo 250. Ikinaswa na tawi au mashine inayozunguka, shingo ndiyo itakayoachia kwanza. Kwa vile kisu kinaning'inia mpini chini, ala ya ngozi haifai kabisa.

7. Mgongoni, juu ya uti

Picha zake huvutia, ila tunashauri uiache. Ukianguka chali, kitu kigumu kiko kati ya ardhi na uti wa mgongo. Ukikaa, kiti kinakisukuma. Na kukirudisha ndani ni kupapasa mdomo wa ala kwa ncha usiyoiona.

Dukani, kabla ya kulipa

Shika ala mdomo chini juu ya kitambaa kinene, miguu yako ikiwa mbali, utikise kwa nguvu mara kumi. Kisu kisisogee. Kisha kichomoe kwa mkono mmoja. Kama unalazimika kukivuta mara mbili, ala inabana mno. Sikiliza kinavyoingia: mkwaruzo mkavu kutoka mdomoni hadi chini unaonyesha makali yanagusa plastiki, na hayatakaa makali.

Ukifika nyumbani, fungua skrubu za klipu moja moja, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu (nyekundu hutaifungua tena bila moto), ukaze. Klipu nyingi hupotea kwa sababu skrubu zimejilegeza zenyewe kwa mtikisiko wa kutembea. Kisha kivae ndani ya nyumba siku mbili, ukae, uiname, upande ngazi, uingie na kutoka garini, na usogeze ala sentimita moja moja mpaka usahau kuwa ipo.