Vinywaji visivyo na sukari wala vitamu bandia: kipi kinafaa meno, kipi kinajificha nyuma ya lebo

Chupa imeandikwa "bila sukari", na kwenye viambato hakuna aspatamu wala sukralosi. Mnunuzi anaona kazi imekwisha. Meno, hata hivyo, hayajali kilichoandikwa mbele ya chupa. Yanachojali ni asidi, na hiyo hufika kwa njia mbili: bakteria wa kwenye ukoga, utando unaoganda juu ya meno, huitengeneza wanapokula sukari, au inakuja imeshatiwa ndani ya kinywaji. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH (kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, asidi huzidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Mzizi wa jino, ambao huwa wazi kwa mtu ambaye fizi zake zimerudi nyuma, huanza kudhurika mapema zaidi, kwenye 6.2 au juu kidogo. Ukipima kwa vigezo hivyo, vinywaji kadhaa vinavyouzwa kwa sifa ya afya vinaanguka vibaya.

Kwa hiyo geuza chupa. Tafuta asidi ya sitriki (E330), ya fosforiki (E338) na ya maliki (E296). Ikiwepo mojawapo karibu na mwanzo wa orodha, rudisha chupa rafuni, hata kama sukari ni sifuri. Maneno "imeongezewa vitamini C" nayo mara nyingi yana maana ya asidi ya askobiki (E300), ambayo ni asidi kama nyingine. Vitamu bandia utavikuta kwa majina au kwa namba: E950, E951, E952, E954 na E955. Stevia (E960) hutoka kwenye mmea, hivyo chupa inaweza kusema kweli kwamba haina vitamu bandia na bado ikawa tamu kupindukia. Stevia yenyewe haiozeshi meno, lakini mara nyingi huwekwa pamoja na sitriki ili ladha isipooze. Kisha soma sukari kwa mililita 100, si kwa "kipimo kimoja", kwani kipimo hicho huamuliwa na mtengenezaji. Katika nchi nyingi, "bila sukari" huruhusiwa ikiwa haizidi gramu 0.5 kwa mililita 100. "Haijaongezwa sukari" ni jambo jingine kabisa: juisi halisi ya tufaha haijaongezwa chochote na bado ina gramu 10 hivi.

Ipo pia alama ya jino lililo chini ya mwavuli, ya Toothfriendly International. Bidhaa hupewa alama hiyo baada ya kupimwa mdomoni mwa watu: pH ya ukoga haitakiwi kushuka chini ya 5.7 wakati wa kula au kunywa na kwa dakika 30 zinazofuata, na asidi ya bidhaa yenyewe hupimwa pia. Ni kipimo kizuri. Lakini kinaruhusu vitamu, kwa hiyo anayevikwepa bado atalazimika kusoma viambato.

Maji ya kawaida hayahitaji utetezi. Cha kuangalia ni floridi, madini yanayoandikwa F kwenye chupa nyingi za maji ya madini. Kiasi kidogo huimarisha enameli. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na watoto ambao meno yao ya kudumu bado yanaumbika wakizidishiwa hupata madoa yasiyofutika. Mashine za kuchuja kwa osmosisi huondoa floridi karibu yote, jambo ambalo matangazo yake hayalisemi kwa sauti.

Maji yenye gesi yanalaumiwa kuliko yanavyostahili. pH yake huwa kati ya 4 na 5 hivi, lakini asidi ya kaboniki ni dhaifu na hutoka haraka, na mate huimudu bila shida. Yanafaa pamoja na chakula. Yale yenye "ladha ya ndimu" ni habari nyingine: sitriki huyashusha hadi kati ya 3 na 4, na asidi hiyo haipeperuki. Chupa zinafanana, zimekaa rafu moja, lakini ukizipima zinaachana mbali.

Chai ndiyo inayoongoza, ikiandaliwa vizuri. Chai ya rangi huwa na pH ya 5 hadi 6, ya kijani hukaribia 7, na majani yenyewe yana floridi. Kinachoiharibu ni sukari, na sukari huingia kwa sababu chai imetoka chungu. Dawa ya uchungu iko kwenye maji na muda. Chai ya rangi: gramu 2 kwa mililita 200, maji yaliyotoka kuchemka, dakika 3, kisha toa majani. Ya kijani: maji ya nyuzi 70 hadi 80, dakika 2. Majani yakiachwa kikombeni hutoa tanini nyingi, yaani kemikali za majani zenye uchungu, na kuleta ukakasi, na hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye kopo la sukari. Anayeacha sukari leo aanze na chai baridi: gramu 8 za majani kwa lita moja ya maji baridi, kwenye friji saa 6 hadi 8, kisha chuja. Maji baridi hutoa tanini kidogo, kwa hiyo chai huwa laini na ina utamu wake wa asili. Kasoro ya chai ni madoa ya kahawia. Maziwa kidogo huyapunguza, na kusukutua kwa maji baada ya kunywa husaidia. Kahawa isiyo na sukari, yenye pH karibu na 5, inapita kwa masharti hayohayo.

Tahadhari kubwa ni "chai" za matunda na maua. Mnanaa, mchaichai na rooibos hazina tatizo. Rozela na waridi-mwitu hutoa maji yenye pH karibu na 3, sawa na juisi kali, na moto huongeza kasi ya kuyeyusha. Ukiona rangi nyekundu nzito, soma viambato kwanza. Kombucha, yaani chai iliyochachushwa, imo kundi hilohilo.

Maji yenye vipande: tango, mnanaa na tangawizi vinapita. Ndimu hapana, hasa ikiwa chupa inanyonywa kutwa. Kila funda huanzisha upya muda ambao mate yanahitaji kurudisha hali, dakika 30 hadi 60. Glasi moja ya ndimu pamoja na chakula ina madhara madogo kuliko chupa ileile ikigawanywa kwa saa nane. Meno yakifa ganzi, usipige mswaki hapohapo: enameli imelainika na mswaki utaikwangua. Sukutua kwa maji, subiri nusu saa au zaidi.

Kwa anayetaka kupima mwenyewe, karatasi za pH za 0 hadi 14 ni butu mno. Nunua zinazotofautisha nusu daraja kati ya 3 na 7. Rangi ya chai na rozela huzidanganya. Kwa hizo tumia kipima cha kidijitali kilichosawazishwa kwa myeyusho wa pH 4.01 na 7.00. Na pH haimalizi yote: mtindi usio na sukari una pH karibu na 4, lakini umejaa kalisi na fosfeti, hivyo hauchukui madini ya jino.

Maji ya dafu ni mazuri kwa kiu, lakini yana gramu 3 hivi za sukari kwa mililita 100. Ya kunywa mara moja, si ya kutembea nayo.

Maziwa yana laktosi, sukari ya asili ya maziwa, gramu 4.8 kwa mililita 100, na bado yanafaulu: laktosi haichachuki sana kinywani, pH ni 6.7 hivi, na kasini (protini ya maziwa) na kalisi hulinda enameli. Maziwa ya soya yasiyotiwa sukari pia yanafaa, hasa yaliyoongezewa kalisi. Ya oti yanapotosha: vimeng'enya vya kiwandani hugeuza wanga kuwa maltosi, aina ya sukari, hivyo lebo ya "haijaongezwa sukari" inaweza kuambatana na gramu 3 au 4. Na maziwa ya ng'ombe hupoteza sifa yote yakiwekwa kwenye chupa ya mtoto anayelala nayo, kwani usingizini mate hupungua na laktosi hukaa menoni usiku kucha. Kwenye chupa hiyo weka maji.