Seva ya gemu bila bando: uzoefu wangu na Luanti

Likizo ya Juni ilinikuta na watoto wanne sebuleni. Wawili wa dada yangu, walioletwa kutoka Kondoa na begi moja kubwa na ahadi kwamba "hawasumbui". Mmoja wangu. Wa nne ni wa jirani, ambaye siku hizi namhesabu kwenye ugali bila kuuliza. Nje, upepo wa Dodoma ulikuwa unapuliza vumbi mpaka unalisikia kwenye meno, kwa hiyo wote walijifungia ndani, kila mmoja na simu ya mtu mzima fulani, na bando langu la wiki likafa siku ya pili.

Nikasema basi, niwatafutie gemu moja watakayocheza pamoja bila intaneti. Mwaka jana nilishajaribu kitu hicho kwa gemu nyingine maarufu ya matofali, kwenye laptopu hii hii, nikakesha. Lile dirisha jeusi la kuandika amri, Java ambayo toleo lake halikufaa, mafaili ya kuhariri kwa mkono, na seva (programu inayobeba gemu na kuwaunganisha wachezaji) inayojizima bila kuaga. Saa nane usiku nilifunga laptopu, nikalala na hasira.

Safari hii nimetumia Luanti, na seva ilikuwa hewani kabla chai haijapoa.

Kwa asiyeijua: ni programu ya gemu za kujenga dunia kwa matofali, ile iliyokuwa ikiitwa Minetest. Mfini mmoja, Perttu Ahola, aliianzisha mwaka 2010, na jina likabadilishwa Oktoba 2024. Jina jipya limechanganya neno la Kifini "luonti", yaani uumbaji, na Lua, lugha ambayo nyongeza zake huandikwa. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, na inakwenda kwenye Windows, Linux na Android. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na feni inayolia kama cherehani, lakini imeibeba.

Kikwazo cha kwanza kinakuja mapema, na nakitaja ili usije ukadhani umeibiwa: ukishaisakinisha, ndani hamna gemu. Luanti yenyewe ni injini tu, yaani mtambo wa kuendeshea gemu. Tangu toleo la 5.8 gemu haiji nayo tena, unaingia kwenye ghala lao la ContentDB, humo humo ndani ya programu, unachagua na kupakua. Mimi nilichukua Minetest Game, ya kawaida, isiyo na mazimwi ya kumtisha mdogo wao. Hapo ndipo bando lilipotumika, kidogo, mara moja tu.

Sasa dirisha lenyewe. Unatengeneza dunia mpya, unaipa jina (yetu inaitwa Mtumba, kwa sababu mtoto wa jirani baba yake ni fundi kwenye majengo ya serikali huko). Pembeni kuna visanduku vichache vya kuweka tiki: kimoja cha kujenga bila kutafuta vifaa, kingine cha kuamua kama wachezaji wanaumia, na cha tatu, ndicho chenyewe, cha kuigeuza dunia yako kuwa seva. Ukikipa tiki, zinatokea nafasi za kuandika jina lako, nenosiri na namba ya mlango (port, njia ambayo wengine wanapitia kuingia), ambayo tayari imejazwa 30000. Kuna kisanduku kingine cha kuitangaza seva kwenye orodha ya umma. Kama unachezesha watoto wa nyumbani, hicho kiache. Unabofya kitufe kimoja chini. Basi. Hakuna faili nililofungua.

Jina unaloandika pale ndilo linalokuwa la msimamizi, kwa hiyo andika lako, usimwachie mtoto. Mimi nilimwachia wa Kondoa mkubwa siku ya kwanza, na ndani ya nusu saa alikuwa ameshajipa uwezo wa kuruka angani huku wenzake wakitembea kwa miguu. Kesi yake ilisikilizwa mpaka chakula cha usiku.

Simu na laptopu ziliungwa kwa hotspoti ya simu yangu, data ikiwa imezimwa. Hapa watu wengi hawaniamini: hotspoti bila data bado ni mtandao, vifaa vinaonana vyenyewe kwa vyenyewe, na hakuna hata MB moja inayoliwa. Kila mtoto alifungua Luanti kwenye simu, akaandika anwani ya laptopu na ule mlango 30000, akajisajili kwa jina na nenosiri lake. Anwani niliipata kwa kuandika ipconfig kwenye Windows, na hiyo ndiyo amri pekee niliyoandika siku nzima. Kero ni kwamba nikizima hotspoti na kuiwasha tena, simu yangu inagawa anwani mpya, kwa hiyo kila asubuhi naiandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni.

Mara ya kwanza hakuna aliyeingia. Kosa lilikuwa langu. Seva ilipowaka, Windows iliuliza kama iiruhusu kwenye mtandao, na mimi kwa mazoea ya kufunga kila kinachochomoza nikabofya hapana. Nilirudi kwenye mipangilio ya fayawoli, yule mlinzi wa Windows anayezuia miunganisho, nikairuhusu, wakaingia wote kwa kelele.

Kilichonishawishi kabisa ni umeme. Siku ya tano ulikatika jioni, nikasubiri kilio. Hakikuja. Laptopu ina betri, simu ya hotspoti ina betri, na hakuna ruta katikati ya kuzimika. Waliendelea kucheza gizani, nyuso zinang'aa kwa vioo, mpaka betri ya laptopu ikakata roho. Nikadhani kazi ya siku nzima imepotea. Umeme uliporudi, dunia ilikuwa pale pale. Kwa kawaida seva yake huhifadhi mabadiliko ya ramani kila baada ya sekunde 5.3, kwa hiyo kilichopotea ni labda tofali mbili tatu. Hata hivyo siku hizi kila usiku nanakili folda ya dunia kwenye flashi. Ukiwa na folda hiyo, hata laptopu ikifa unaihamishia nyingine na maisha yanaendelea.

Wamejenga nini? Tembo. Tembo mkubwa wa mawe aliyezama nusu kwenye bwawa, kwa sababu bibi yao aliwasimulia kwamba jina la Dodoma ni la tembo aliyedidimia matopeni. Na reli, maana Minetest Game ina reli na vigari, na tangu treni ya SGR ianze kufika hapa mwaka 2024 watoto hawa hawaoni kitu kingine. Walihangaika pia na baruti wakitaka kupasua mlima, ikagoma kulipuka. Kumbe ukiendesha kama seva, baruti huwa imezimwa mpaka uiruhusu kwenye mipangilio. Sikuiruhusu, na sikuwaambia kwamba inawezekana.

Ila ndoo ya maji haijazimwa. Mdogo wa Kondoa, aliyenuna kwa sababu ya kigari, alimimina maji ndani ya nyumba ya mwenzake. Mienge yote ikasombwa, giza, mafuriko. Katika mkoa ambao tunahesabu madumu!

Tulikokwama ni nje ya nyumba. Shemeji wa Kondoa alitaka kuingia kutoka kwake, acheze na wanawe. Nikafungua mlango 30000 kwenye ruta ya nyumbani, nikahangaika jioni mbili. Haikuwezekana, na lawama si ya Luanti: kampuni inayoniuzia intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo mgeni akigonga hafikishwi kwangu. Nilipiga huduma kwa wateja, dada akaniambia nizime ruta niiwashe. Kama lengo lako ni kucheza na mtu wa mkoa mwingine, jiandae kwa kazi zaidi ya tiki moja.

Mambo mawili mengine. Menyu ina Kiswahili, ambacho sikukitegemea, ingawa tafsiri haijakamilika na katikati unakutana na Kiingereza. Na seva hii inaishi pamoja na gemu yako: ukifunga gemu kwenye laptopu, wote wanatupwa nje. Nikihitaji laptopu kwa kazi ya ofisini, naipunguza tu dirisha, nafanya kazi yangu huku feni ikilia.

Kwa sasa nimeitwa kwenye uzinduzi wa stesheni ya reli yao, humo ndani ya gemu, saa moja kamili jioni. Nimeonywa nisije na ndoo.