DC Versus Marvel Omnibus: jitabu la mahasimu wawili, na ule upana uliopotea

Sikulipata dukani Dar. Lilikuja ndani ya begi la shemeji aliyekuwa anarudi nyumbani likizo kutoka Marekani, na mpaka leo ananikumbusha kilo alizopoteza kwa ajili ya "katuni zako". Simlaumu. Ni jitabu kwelikweli: jalada gumu, karatasi nzito, uti wa mgongo mpana unaosimama wenyewe kwenye rafu. Usijaribu kulisoma umelala chali. Mahali pake ni mezani, na mikono iwe mikavu.

Kwa ambao habari hii haikuwafikia: mwaka 2024 DC na Marvel, wachapishaji wawili mahasimu wa komiki za mashujaa huko Marekani, walikubaliana kuzichapisha upya hadithi walizowahi kuwakutanisha mashujaa wao, wakazigawa katika omnibus mbili, yaani majitabu yanayokusanya hadithi nyingi pamoja. Moja ni la Amalgam, ule mchezo wa miaka ya tisini wa kuwachanganya mashujaa wa pande mbili kuwa mtu mmoja. Hilo silizungumzii hapa, halijawahi kunivuta. Hili langu lina mikutano yenyewe, kuanzia Superman na Spider-Man wa 1976 mpaka Batman na Daredevil wa 2000. Nyingi zilikuwa zimekaa miaka mingi bila kuchapwa upya, maana mahasimu wawili wanapomiliki kitu kimoja, kukichapa kunahitaji sahihi mbili.

Mimi nilitoa pesa kwa sababu ya ile ya 1976, basi nianze nayo.

Gerry Conway aliyeiandika alikuwa amefanya kazi pande zote mbili. Ross Andru aliyeichora wakati huo ndiye aliyekuwa na kalamu ya Spider-Man, na kabla ya hapo alikuwa amechorea DC kwa miaka mingi. Aliyeipitishia michoro wino ni Dick Giordano. Kwa hiyo hakuna aliyeingia kama mgeni asiyejua jikoni ni wapi. Hadithi inakwenda kwa utaratibu wa haki unaochekesha: kwanza Superman peke yake na Lex Luthor, kisha Spider-Man peke yake na Doctor Octopus, kisha wale maadui wawili wanajikuta gereza moja na kuungana. Ukihesabu utaona kila upande umepewa fungu lake. Hata wanawake wametekwa kwa usawa, Lois Lane na Mary Jane kwa mkupuo mmoja.

Bila shaka swali la kila msomaji ni moja: Spider-Man anampigaje Superman? Jibu ni mionzi ya jua jekundu. Luthor anammiminia Spider-Man mionzi hiyo kwa siri, nguvu zinampanda, na ngumi yake inamrusha Superman kama ya mtu wa kimo chake. Halafu mionzi inakwisha. Jamaa anaendelea kurusha ngumi, Superman amesimama tu, na anayeumia ni mpigaji. Baada ya hapo wanazungumza. Ubishi wa namna hii sisi tunaujua, ni wa Simba na Yanga: ukipewa sare inayoheshimika unarudi nyumbani unanung'unika, lakini kesho una la kubishania. Nadhani wachapishaji walilijua hilo vizuri sana.

Lalamiko langu kubwa kwa jitabu hili ni umbo lake. Mjomba wangu alikuwa baharia, na mizigo yake ya safari haikukosa majarida. Katika hayo ilikuwamo nakala ya 1976, jalada la nyuma limekwisha chanika. Ilikuwa komiki ya umbo kubwa, karibu sentimita 34 kwa urefu, pana kuliko kifua cha mtoto anayeisoma. Tulikuwa tunaitandaza mkekani tukiizunguka, mmoja kazi yake kufunua kurasa na wengine kumpigia kelele asifunue haraka. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuungaunga, maneno mengi tuliyaruka. Michoro haikurukwa. Andru alichora majengo ya New York kwa kuangalia chini kutoka juu, na kwenye karatasi pana namna ile unapata kizunguzungu kidogo.

Katika omnibus, kurasa hizohizo zimebanwa zienee umbo dogo zaidi. Rangi zimesafishwa, mistari ni mikali, hadithi iko yote. Lakini ule mshangao wa mwili umeondoka. Picha iliyoenea kurasa mbili sasa inamezwa na mshono katikati, na mara moja nilijikuta nalikandamiza jitabu kwa kiganja ili nione sehemu ya picha iliyozama. Superman na Spider-Man wa 1981 amekumbwa na hilohilo, Batman na Hulk wa mwaka huohuo pia, na hata Superman na Fantastic Four wa 1999, ambayo nayo ilitoka kwa umbo kubwa. Ninaelewa sababu, kitabu kimoja hakiwezi kuwa na vimo viwili. Bado nasema wazi: anayezijua kwa ukubwa wake wa asili atahisi amepewa picha ya pasipoti ya mtu aliyemkumbatia.

Tukiacha ukubwa, Batman na Hulk ndiyo iliyonipa raha zaidi safari hii. Mwandishi Len Wein, mchoraji José Luis García-López, ambaye sijaona mkono laini kama wake. Tuliokulia vibanda umiza tunajua steringi hafi, lakini binadamu wa kawaida na Hulk? Batman anarusha gesi. Hulk, ambaye watu humchukulia mjinga, anabana pumzi. Batman anamrushia teke la chembe ya moyo kwa nguvu zake zote, Hulk anahema, gesi inaingia. Hakuna mionzi ya kubahatisha, ni akili tu na mguu uliolengwa. Nimeusoma ukurasa huo tena na tena.

Ile ya Superman na Spider-Man ya 1981, ya Jim Shooter na John Buscema, ina Doctor Doom, na ina kichekesho ninachokipenda kuliko ngumi zote: Clark Kent, yaani Superman akiwa raia, anakwenda kuomba kazi gazeti la Daily Bugle kwa J. Jonah Jameson, huku Peter Parker, yaani Spider-Man, akipiga picha gazeti la Daily Planet. Kurasa chache tu, ila zinaonyesha ni nini hasa kilichofanya mikutano hii iwe tamu. Unamwona mtu wako katika ofisi isiyo yake. X-Men na Teen Titans wa 1982, Chris Claremont na Walt Simonson, ni moto kutoka mwanzo mpaka mwisho: Darkseid, adui mkubwa wa upande wa DC, anamfufua Dark Phoenix, tishio la zamani la X-Men, basi, jipange.

Baada ya hapo kimya mpaka 1994. Kilichokusudiwa kufuata, Justice League na Avengers, kilivunjika 1983 kwa mabishano ya wahariri huku George Pérez akiwa ameshachora baadhi ya kurasa. Unapogeuza ukurasa kutoka 1982 kwenda 1994 unaona wazi kwamba umeingia zama nyingine: bunduki kubwa, meno yaliyokazwa, na Batman wa mkutano wa kwanza na Punisher, shujaa wa Marvel mwenye bunduki, hata si Bruce Wayne, Batman tuliyemzoea. Nimezisoma kwa sababu nimezilipia.

Anayeziokoa zama hizo ni John Byrne, mwandishi na mchoraji. Darkseid na Galactus, 1995: Galactus, jitu la Marvel linalokula sayari, anafika kuimeza Apokolips, sayari ya Darkseid, na kukuta dunia isiyo na chochote cha kumshibisha. Batman na Captain America amewaweka katika Vita Kuu ya Pili, pamoja na Joker na Red Skull. Joker anaposhtuka kwamba mwenzake ni Nazi wa kweli, si mtu aliyevaa kinyago cha kutisha watoto, anamgeuka. Mwendawazimu naye ana mpaka wake. Na kwa kicheko tupu kuna Silver Surfer na Superman wa 1997, ambamo wasumbufu wawili, Mxyzptlk na Impossible Man, wanabadilishana mashujaa wa kuwasumbua.

Je, ninunue? Kama hujawahi kuzisoma, nunua, na anza na Batman na Hulk, kisha 1976, kisha Byrne. Za Punisher weka mwisho. Kama unazo za zamani zenye umbo kubwa, usizigawe kwa kudhani jitabu limezibeba.

Na mjue kwamba JLA/Avengers (ule mkutano wa Justice League na Avengers) ya Kurt Busiek na Pérez, ile iliyofanikiwa hatimaye kutoka 2003, haimo humu. Ilirudishwa 2022 kwa hisani ya Hero Initiative, shirika la kuwasaidia waandishi na wachoraji wa komiki, nakala 7,000 tu, Pérez akiwa mgonjwa. Alifariki Mei mwaka huohuo. Mwenye nakala anayeiuza kwa bei ya kibinadamu, nina shemeji mwingine anakuja Desemba.