Dakika 11 hewani: uzoefu wangu na gari linaloruka

Nianze na swali ambalo kila anayejua kwamba nimelipia gari linaloruka hunirushia: je, utaendea kazini? Hapana. Hata dukani siendi nalo. Na bado siku ile niliposhuka, magoti yalikuwa yanatetemeka na uso mzima ni meno tu.

Malipo ya awali niliyaweka miaka miwili iliyopita, usiku wa siku ambayo foleni barabarani ilinila saa tatu nzima. Usinunue kitu siku kama hiyo. Mwezi uliopita nikaitwa kwenye mafunzo, siku mbili za lazima kabla ya kukabidhiwa chombo. Chenyewe ni cha mtu mmoja: fremu ya alumini, kiti, betri, na mikono minne, kila mmoja una pangaboi mbili, moja juu na nyingine chini. Hakina mlango wala buti. Mkoba wako utaupakata, ukiruhusiwa kupanda nao. Magurudumu pia hakina, na hapo ndipo jina "gari" lilipoanza kunichekesha. Ni droni, ila hii unaikalia.

Kuruka kwenyewe ni kwepesi mpaka unaogopa. Nusu siku tulikaa mbele ya kompyuta ya mazoezi, kisha nikafungwa mikanda. Kijiti cha kushoto ni kupanda na kushuka, cha kulia ni kuelekea unakotaka. Ukiviachia vyote, kompyuta inakituliza chombo palepale kama kimetundikwa kwa uzi. Nilipofika kimo cha mti wa wastani nikasikia sauti ya mkufunzi kwenye redio, kijana ambaye ameniita mzee tangu asubuhi bila kuniuliza umri: "Mzee, pumua." Kumbe nilikuwa nimebana pumzi tangu kuondoka ardhini.

Baada ya hapo nikasahau hata bei. Nikakiinamisha mbele kidogo, majani yakaanza kukimbia chini ya viatu vyangu, kivuli changu kikiteleza pembeni kama mbwa anayefuata baiskeli. Hakuna kioo mbele yako, hakuna kitu kinachokutenga na hewa. Nilipita juu ya mti na kuona kiota, mle ndani kabisa, kwa pembe ambayo huioni ukiwa umesimama chini. Ndege ya abiria haikupi hilo hata kidogo. Kama unasoma kutaka kujua raha ipo au haipo, ipo, na ni kubwa kuliko wanavyoionyesha kwenye video.

Halafu king'ora cha betri kikalia.

Kwenye karatasi chombo hiki hukaa hewani dakika 20. Dakika hizo ni za rubani mwembamba, siku isiyo na upepo. Mimi nina kilo 91 na upepo ulikuwepo, kwa hiyo nikaamriwa kutua dakika ya 11, ili akiba ibaki. Kosa si la kiwanda. Kilo moja ya petroli imebeba nishati ya takriban kilowati-saa 12. Kilo moja ya betri za lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Mota ya umeme haipotezi nishati kama injini, kwa hiyo pengo linapungua, lakini haliishi. Zaidi ya hayo chombo hiki hakina mabawa. Ndege yenye mabawa hubebwa na hewa inapokwenda mbele. Hiki kinajinyanyua kwa nguvu za mota kila sekunde, hata kikiwa kimesimama tu hewani.

Tangu siku ile macho yangu hayabanduki kwenye geji. Mwaka 1947 Marekani walijaribu gari lenye mabawa ya kufungwa juu ya paa, Convair Model 118, likaishiwa mafuta na kuanguka. Inasimuliwa kwamba rubani aliangalia geji ya mafuta ya gari badala ya ile ya ndege. Hiki changu kina geji moja tu, namshukuru Mungu.

Sasa matumizi. Marekani, vyombo vya namna hii visivyozidi kilo 115 vikiwa vitupu havihitaji leseni ya rubani, na watu wengi husikia hapo tu wakafungua pochi. Kanuni hiyohiyo, ya mwaka 1982, inataka chombo kiwe cha mtu mmoja, kiruke mchana, kisipite juu ya miji wala mikusanyiko ya watu, na kiwe cha burudani na michezo tu. Yaani ile safari ya kazini imeshafutwa kabla hujawasha mota. Na hata ungeruhusiwa, ungetua wapi? Upepo wa pangaboi hizo nane unarusha mchanga na changarawe kama umewatupia watu kwa mkono, na mlio wake utakugombanisha na majirani wiki ya kwanza. Mvua ikinyesha, unakaa nyumbani. Kwenda uwanjani na kurudi, unakipakia kwenye trela. Gari langu linaloruka linavutwa na gari langu lisiloruka.

Usalama ulinipa mawazo zaidi. Pangaboi moja ikizima, zilizobaki zinatosha kukushusha. Zikizima zote, huna mabawa ya kuelea nayo, wala huna pangaboi kubwa la helikopta ambalo huendelea kuzungushwa na hewa wakati chombo kinashuka. Una parachuti inayofyatuka, basi. Nayo inahitaji nafasi ya kufunguka, na raha yote niliyoisimulia hapo juu ilikuwa karibu na ardhi.

Darasani tulikuwa na mama mmoja, rubani mstaafu, aliyekuja kwa udadisi tu. Nikamuuliza kama nisubiri yale magari ya kweli, yenye magurudumu na mabawa yanayokunjwa. Yapo: mwaka 2021 AirCar ya Slovakia iliruka kutoka Nitra hadi Bratislava kwa dakika 35, ikakunja mabawa kwa muda usiofika dakika tatu, ikaingia mjini kwa barabara. Mama akacheka. "Mwanangu, mtu akikugonga kidogo kwenye maegesho unafanyaje?"

"Namlaumu, naondoka."

"Na kama kile alichokigonga ni bawa?"

Nikanyamaza. Gari likipata mkwaruzo unaendelea na safari. Ndege ikiguswa hairuki mpaka fundi wa ndege aikague. Ukiliendesha barabarani kila siku, kila siku unaiweka ndege yako mahali pa kugongwa. Na bado utahitaji leseni ya urubani, njia ya kurukia huku, na ya kutulia kule.

Lakini yeye mwenyewe aliruka mara mbili, na mara ya pili ilibidi mkufunzi amwite kwenye redio zaidi ya mara moja ndipo ashuke.

Salio langu linatakiwa mwisho wa mwezi. Kuwa nacho peke yangu, kwa dakika 11 za hewani kila betri inapojaa, hesabu haikubali, na nimeirudia mara nyingi nikitafuta pa kuikosea. Nimempigia yule mama nikamwomba tulipe nusu kwa nusu, wiki hii kikae kwake, ijayo kwangu. Amesema yuko tayari, ila nipunguze kwanza kilo tano, maana hataki kuja kulipia betri ninazozichosha mimi.