WhatsApp kwa Mwairishi anayeishi Mbeya au Iringa: inafaa wapi, inakwama wapi

Kwa Mwairishi aliyehamia nyanda za juu kusini, awe sista wa misheni, mwalimu wa kujitolea au shemeji yetu aliyeoa Tukuyu, WhatsApp ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano na kwao. Kwa ujumbe wa sauti haina mpinzani. Kwa simu ya sauti ni nzuri. Video ya jioni ukiwa milimani, usiitegemee.

Hapo kosa ni la mtandao, si la programu. Mjini Mbeya, Iringa au Mafinga utazungumza vizuri. Ukishuka mabonde ya Mufindi au kupanda kuelekea Makete, mlima unakaa kati yako na mnara, simu inaanza kuonyesha E, alama ya mtandao wa polepole. Picha inaganda, sauti inakuja vipande vipande, mwisho mmoja anakata kwa hasira. Ujumbe wa sauti hauna shida hiyo: unarekodi, unabaki na kialama cha saa, mtandao ukirudi unaondoka wenyewe. Dakika 2 au 3 zinatosha. Wa dakika 15 nani atausikiliza mpaka mwisho? Ukilazimika kupiga, ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, washa kipengele cha kupunguza data wakati wa simu, kisha anza kwa sauti tupu. Kamera ifunguliwe sauti ikishatulia.

Mtego mkubwa uko kwenye namba. Wengi hufika na akaunti ya namba ya Ayalandi, wanaweka laini ya hapa, na WhatsApp inaendelea kama kawaida hata laini ya zamani ikiwa kabatini. Balaa huja simu ikiibwa. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ile ya Ayalandi, na kama imefungwa kwa kukaa bila salio, akaunti imekwenda pamoja na makundi yote ya familia. Kwa hiyo anayekuja kukaa asajili laini ya hapa (mgeni anasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole), kisha aingie Akaunti, achague kubadilisha namba: ya zamani aiandike kwa +353, mpya kwa +255. Makundi na mazungumzo vinabaki. Afanye hivyo laini ya zamani ikiwa bado hai, na aweke PIN ya tarakimu 6 ya uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti isiyotumika siku 120 hufutwa. Hilo linamhusu zaidi mzazi wa kule aliyenunuliwa simu akaisahau kwenye droo.

Saa nazo zinasumbua. Sisi hatubadilishi saa. Ayalandi hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi chao tunawatangulia saa 2, majira ya baridi saa 3. Ukizoea kupiga saa 2 usiku, Julai kwao ni saa 12 jioni, wengi wameshafika nyumbani. Desemba ni saa 11, mtu bado yuko kazini au barabarani.

Halafu kuna simu ya mezani, ambayo WhatsApp haiwezi kuipigia kabisa, na wapo wazee wa vijijini Ayalandi wasio na simu nyingine. Weka salio la kawaida kwa ajili yao. Bonyeza 0 mpaka itokee +, andika 353, kisha namba bila sifuri ya mwanzo: 021 ya Cork inakuwa +353 21, 091 ya Galway inakuwa +353 91. Ukiiweka ile sifuri, simu haiungi. Usidanganyike na dakika za "mitandao yote" kwenye bando. Hizo ni za ndani ya nchi, na simu ya nje inakula salio lako haraka. Msalimie mzee, muulize kama kuna mjukuu mwenye simujanja karibu, kata, kisha mpigie huyo kwa WhatsApp.